Lethi ya shamba la mkonge: shajara ya matengenezo

Siku ya 1

Imefika. Canter imeishusha mbele ya banda langu hapa Ngamiani, Tanga, saa nane mchana, jua la utosi, watu sita na mabomba manne ya kuviringishia chini yake, mzee wa duka la jirani akatoka akauliza "hilo mnaloingiza ni jeneza au cherehani?" Ni lethi mzee wangu, mashine ya kukereza vyuma, imekaa miaka na miaka kwenye karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza na wauza chuma chakavu walishaipigia hesabu ya kilo. Nimewawahi. Kibao cha shaba kimesuguliwa mpaka jina halisomeki, limebaki neno England tu, na ukitazama namba za gia kila kitu ni inchi, hakuna milimita hata ya dawa.

Leo sijagusa kitu, mgongo umekataa. Nimeifunika turubai.

Siku ya 3

Usafi. Jamani. Nilidhani nakuta grisi ngumu, kumbe ni vumbi la mkonge limechanganyika na oili likawa kama sufi ya godoro, limejaa kwenye matundu yote ya kuwekea oili, chini ya sado (kile kigari kinachobeba kisu), nyuma ya gia, yaani mtu alikuwa anamimina oili juu kila asubuhi anaona kafanya kazi yake na haishuki hata tone. Dogo wangu alikuwa anachomoa kwa waya wa spoku ya baiskeli, tundu moja limetoa uzi mrefu kama kidole. Na maji ya mkonge yana asidi, yanakula chuma, waliofanya kazi kwenye korona, mashine ya kuchambua mkonge, wanajua vizuri, sasa ongeza hewa ya chumvi ya hapa Tanga ndo unapata kutu ya aina niliyoikuta kwenye mikono ya kuzungushia na vifuniko.

Kwa hizo ndogo ndogo nimetumia njia ya ndoo: maji, magadi ya kufulia, chaja ya betri ya gari, waya wa hasi unashika kitu chenye kutu na wa chanya unashika kipande cha nondo. Acha usiku kucha, asubuhi unasugua kwa brashi inatoka uji mweusi. Fanyeni nje, inatoa gesi inayowaka. Na kile kipande cha chanya kisiwe stenlesi hata kama ndo kiko karibu, maji yake yanageuka sumu. Kitanda cha mashine, yaani zile reli ndefu sado inapotembea, sikukigusa kwa njia hiyo, kitanda ni mafuta ya taa, kitambaa na subira.

Siku ya 6

Leo vipimo. Kabla sijaendelea, thau ninayoisema humu ni inchi moja uliyoigawa mara elfu, thau 40 ni kama milimita moja hivi.

Nimeanza na spindeli, ule mhimili unaozungusha kazi, manake hiyo ikiwa imekufa hakuna mradi. Nimeweka kipande cha mti chini ya chaki (kishikio kinachobana kazi mbele ya spindeli) nikanyanyua huku dayo geji, kipimo chenye sindano, imegusa juu, sindano imetembea thau 1 ikarudi. Alhamdulillah. Beringi zipo.

Halafu krosi slaidi, sehemu inayosogeza kisu kuingia na kutoka kwenye kazi, na hapa ndo kilio. Unazungusha mkono kuingia mpaka slaidi ianze kutembea, unasoma dayo (pete yenye mistari kwenye mkono), unageuza kurudi, unahesabu mistari mpaka slaidi ianze tena kutembea. Mashine nzima kidogo unapata mistari 5, 10. Yangu 62! Dayo yenyewe ina mistari 100 kwa mzunguko, kila mmoja thau 1, kwaiyo zaidi ya nusu mzunguko mkono unazunguka bure kama feni.

Mchezo wa namna hii kwenye kukereza kawaida unaweza kuuzoea, unarudi nyuma mzunguko mzima halafu unaingia mbele, daima upande mmoja, na kazi inatoka. Shida ni kwenye kukatia, pale kisu chembamba kinaingia kukata kipande kitoke. Kazi inakivuta kisu, slaidi imelegea, inakubali kuvutwa, kisu kinazama na kuvunjika. Nimevunja viwili leo kwa kujaribu tu, cha tatu nimekiacha kwenye droo.

Jioni nimepiga simu Dar kuulizia nati ya shaba ya kuchongesha, ile ya chini ya slaidi inayosukumwa na skruu ya mkono, bei niliyotajiwa nimekaa chini.

Siku ya 7

Nimeenda kumuona mzee mmoja mstaafu, amekereza vyuma maisha yake yote, sasa hivi anauza mbaazi na maandazi asubuhi na mkewe. Nimemsalimia, nikamwambia mzee nati yangu imekwisha, mistari 62. Hakuniangalia hata, anahesabu chenji.

"Umeipima nati?"

"Nimepima mchezo mzee."

"Nimekuuliza nati. Ule mkono wenyewe ukiushika ukauvuta na kuusukuma, unatembea?"

Sikuwa na jibu. Nimerudi bandani na maandazi yangu sita kwenye gazeti.

Siku ya 8

Unatembea. Nimeweka geji kwenye kichwa cha skruu, nimeushika mkono nikauvuta nikausukuma bila kuuzungusha: thau 14. Nyuma ya dayo kuna nati mbili zinafungana kuishika skruu isiende mbele na nyuma, na zilikuwa zimelegea, basi. Spana mbili, dakika kumi, nimeacha nafasi ya thau 1 hivi ili isikabe. Mchezo umeshuka kutoka 62 hadi 49 na sijatumia hata shilingi. Na mi jana yake nilikuwa nimeshaanza kufikiria kuuza pikipiki.

Zilizobaki ndo za kulika kweli. Nimeitoa skruu nikapima unene wa meno: ncha zote mbili bado nene, katikati pamepungua thau 9, manake kazi zote hufanyika pale pale katikati. Kwaiyo 9 ni za skruu na zinazobaki karibu zote ni za nati. Ndivyo inavyotakiwa kwa kweli, nati ni ya shaba laini ili ife yenyewe kabla ya skruu. Uliyoiumba ife ikifa usilie.

Siku ya 11

Hii ya leo nataka niieleze kwa kirefu sababu nilikaribia kufanya ujinga mkubwa.

Kila aliyekuja kuiona mashine anapitisha kidole kwenye kitanda karibu na chaki anatikisa kichwa, "kitanda kimeliwa hiki". Na kweli kimeliwa, nimeweka rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), karibu na chaki pana bonde la thau 5. Halafu nimefunga bomba nene kwenye chaki bila kulishika upande wa pili, nimeacha pete mbili zilizoinuka juu yake, moja karibu na chaki nyingine inchi 6 mbele, nikapitisha kisu kwa mkato mwepesi kabisa kwenye zote mbili bila kugusa mkono wa slaidi. Pete ya karibu inchi 1.500, ya mbali 1.5035. Thau 3 na nusu tofauti, hiyo ni koni sio shafti, beringi haiingii hapo.

Nikasema basi ndo kitanda, nikaanza kuulizia nani ana mashine ya kusagia kitanda. Halafu usiku nimelala nimeangalia dari ikanijia: ngoja, kitanda kikilika karibu na chaki sado inazama upande wangu, kisu kinarudi kwangu, kinakaa mbali na kazi, kwaiyo kazi ingetoka NENE karibu na chaki. Yangu imetoka nene kule mbali. Kosa liko kinyume! Hilo bonde haliwezi kuwa ndo mchawi.

Na lile bonde la kushuka chini lenyewe halina ukali watu wanaodhani. Kisu kikishuka thau 5 chini ya senta, yaani usawa wa katikati ya kazi, kwenye kazi ya inchi moja na nusu, piga hesabu ya pembetatu, kipenyo hakibadiliki hata thau 1, ni sehemu ndogo ya thau ambayo mikrometa yangu haioni. Kinachoharibu ni kisu kwenda pembeni, kuelekea kwako au kuelekea kazini.

Asubuhi nimelala chini na tochi. Sakafu ya banda ilimwagwa mara mbili, nusu mwaka huu nusu mwaka ule, na mguu mmoja wa mashine, wa mbele upande wa teilistoki (kile kichwa cha mwisho kinachotazamana na chaki), ulikuwa unaning'inia, bolti limevutwa mpaka mwisho kulazimisha mguu ushuke. Yaani fundi aliyeifunga (ni mimi) ameukaza mguu unaoning'inia na kukipinda kitanda cha chuma cha kusubu kama mkate wa mofa. Upande wa mbele kule mwisho umeshuka, kisu kinaegemea kwangu, kazi inanenepa. Sawasawa na vipimo.

Dawa: kipande cha bati la kopo la maziwa chini ya huo mguu, kaza, kereza pete, pima. Kipande cha kwanza tofauti ikashuka hadi thau 1.5. Nikaongeza cha pili ikapitiliza, pete ya mbali ikawa nyembamba kwa nusu thau. Nikatoa bati nikaweka karatasi ya kasha la biskuti, nimepata robo thau hivi, nimeacha hapo hapo kabla sijaharibu. Leva ya maji ya kujengea nyumba haina maana kwa kazi hii, leva yako ni zile pete mbili.

Kitanda hakisagwi. Nimefunga huo mjadala.

Siku ya 15

Mvua siku tatu, umeme unaenda unarudi. Kila jioni dogo anafuta kitanda na kitambaa chenye oili, siku moja tu akisahau asubuhi unakuta kimeanza kupiga rangi ya chai.

Nimefanya kabari ya krosi slaidi, ule ubao mrefu wa chuma wenye mteremko unaoingia pembeni kubana slaidi isicheze. Ulikuwa umesukumwa mpaka mwisho wa skruu yake na bado slaidi inacheza. Nimebandika kipande cha bati la shaba njano nyuma yake kwa gundi ya vyuma, kikawa kinene, sasa inabidi kikwanguliwe mpaka kikae sawa uso wote. Kwanguo nimetengeneza kwa tupa iliyokwisha, nimeisaga mbele ikawa kama patasi butu. Unapaka rangi nyembamba kwenye uso ulionyooka, unasugua kabari, panapopata rangi ndo palipoinuka, unakwangua hapo tu, unafuta, unarudia. Wenye vifaa wana rangi yao ya buluu maalum, mi sikuwa nayo nikatumia lipstiki ya mke wangu, nyekundu, inafanya kazi vizuri tu ukiipaka nyembamba, ila ina nta kidogo, usiitegemee kwa kazi ya mwisho mwisho. Mara ishirini na kitu nimerudia. Ilianza inagusa ncha mbili tu, sasa imetawanyika kama madoadoa ya chui.

Mke wangu amegundua. Nimemnunulia mbili.

Siku ya 19

Sasa nati. Tatizo la yai na kuku: nati ina uzi wa ndani (yale meno ya skruu) wa akme, aina ya meno mapana yenye ncha bapa, nusu inchi, meno 10 kwa inchi, tena uzi wa kushoto (lazima wa kushoto, ili ukizungusha mkono kama saa slaidi iende mbele kuelekea kazini), na tapu, chombo cha kukatia uzi ndani ya tundu, ya namna hiyo huikuti kwenye duka la vifaa. Kwaiyo naitengeneza tapu yenyewe kwa mashine hii hii mbovu, halafu tapu itengeneze nati, nati itengeneze mashine.

Chuma nimepata tosheni baa ya Hiace, ile fimbo inayofanya kazi ya springi, daladala ilikatwa gereji ya jirani. Ni chuma cha springi, kigumu, kisu kinateleza juu. Nimekichoma kwenye mkaa na feni ya kompyuta mpaka chekundu, nikakizika kwenye majivu mpaka asubuhi, kimelainika kikawa kinakerezeka kama chuma cha kawaida.

Pembe ya akme ni digrii 29. Sina geji yake, ila hesabu ipo: chora mstari wa milimita 100 kwenye bati, mwisho wake pima 25.9 kila upande, unganisha, kata, hapo ndo geji. Kisu nimekisaga kikaingia humo bila mwanga kupita, ncha bapa ya thau 32.

Kukata uzi wa kushoto ni mambo kinyume: chaki inazunguka kawaida ila sado inakimbia kutoka kwenye chaki kwenda teilistoki, kwaiyo nimechimba mfereji karibu na chaki pa kuanzia. Haf nati, ile nati ya vipande viwili inayoibana sado kwenye skruu ndefu ya mashine, sikuifungua hata mara moja, kila nikimaliza mkato narudisha kisu nyuma nageuza mota kinyume mpaka mfereji. Haf nati zenyewe zimechoka lakini zinashika, hizo ziko kwenye orodha ya mwaka kesho. Kipenyo cha tapu nimekiacha 0.520 sio 0.500, ili ncha za meno ya skruu zisije kusugua chini ya uzi wa nati. Masaa manne. Meno yamesimama kama ya mamba.

Siku ya 20

Nimeipasua.

Nimekata mifereji minne ya kutolea vibanzi kwa grainda na diski nyembamba, nimekereza mteremko mbele ili meno yaanze madogo yakue taratibu, kila kitu safi, nikaichoma ikawa nyekundu, halafu kwa haraka na kiherehere nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Tik. Sauti ndogo tu kama kijiti. Ufa kutoka ncha mpaka katikati. Chuma cha springi kinataka mafuta, maji yanakipoza kwa kasi mno, na mi hilo nalijua, nimewahi kumwambia dogo kwa mdomo wangu huu. Dogo alikuwa amesimama pale, hakusema kitu, akaenda kufagia.

Siku ya 24

Tapu ya pili. Kipande kilichobaki cha tosheni baa kilitosha kwa pumzi. Safari hii nimechoma polepole huku nagusa na sumaku, sumaku ikiacha kushika unaongeza kidogo tu halafu unazamisha. Mafuta nimepewa bure na muuza chipsi wa kona, yale aliyokuwa anataka kumwaga, nimeyapasha kidogo kwanza. Banda zima linanuka mihogo ya kukaanga, watoto wamekuja kuuliza kama tunauza.

Ukiitoa hapo ni ngumu lakini inavunjika kama glasi, lazima uirudishe. Mchanga wa pwani kwenye sufuria juu ya mkaa, tapu imelala juu ya mchanga, uso nimeung'arisha kwa msasa ili nione rangi ikija: kwanza njano hafifu, ikifika rangi ya majani makavu toa. Nimeigusa na tupa, tupa inateleza.

Siku ya 26

Shaba ya nati: kwa wauza chuma chakavu nimepata bushi nene ya pampu ya zamani, nzito, ndani ukiikwaruza ina wekundu, sio ile njano njano ya bomba la maji. Hiyo nyekundu ndo fosfa bronzi ninavyoamini, inavumilia kusuguliwa. Nimeichonga umbo la nati ya zamani, tundu la 10.2 milimita (biti ya 10 ilibana, nikazunguka mji mzima kutafuta ya 10.2, nikaipata duka la tatu), tapu nimeiongoza na senta ya teilistoki isiyumbe, na naizungusha kwa mkono na spana ndefu. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, brashi, mafuta. Mafuta ya nazi. Wazungu wa zamani walikuwa wanatumia mafuta ya nguruwe kwa kazi hii, hapa kwetu nazi inatosha na harufu yake haigombanishi mtu na majirani.

Imepita yote. Skruu ya zamani imeingia kwa vidole, inabana kidogo kwenye ncha, inalegea ikifika katikati.

Siku ya 27

Vipimo baada ya kufunga: ncha zote mbili mistari 3, katikati 12. Kutoka 62. Hizo 9 za katikati ni skruu, na skruu mpya sikati sasa hivi, ni ndefu na nyembamba, bila stedi ya kuifuata, yaani kiegemeo kinachotembea na kisu, kisu kitaisukuma ipinde. Nina wazo la kuchonga stedi kwa mti wa mkwaju na kuipaka grisi, tutaona baada ya Idi.

Nimetoa kile kisu cha tatu kwenye droo nikakatia kipande cha inchi moja na robo. Kibanzi kimetoka kimoja, kimejikunja kama saa ya ukutani, hakuna kuvutwa.

Siku ya 31

Kijana wa boti kutoka Deep Sea kaleta shafti ya pangaboi, pale inapopita bushi ya nyuma imeliwa na mchanga, anataka isafishwe na bushi mpya ya kuiendana. Nimemwambia aje kesho kutwa, akasema kaka samaki hawasubiri kesho kutwa, basi nimebaki usiku. Shafti nimeisafisha ikafika 0.985 upande mmoja na 0.985 upande wa pili, nimepima mara tatu sikuamini, nikamwita dogo apime bila kumwambia namba yangu, kasoma hiyo hiyo. Bushi nimeiacha thau 4 juu ya hapo, maji yapite.

Yule mzee wa mbaazi alipita alfajiri akienda msikitini, akasimama mlangoni, akashika mkono wa krosi slaidi. Hakuuzungusha. Aliuvuta, akausukuma, akaondoka.